Zaburi, Mithali na Jiwe la Mpaka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wasomaji, katika darasa letu la Kitengela kijana mmoja alituuliza swali hili: "Je, Zaburi iliyomo katika Biblia ya jirani zetu ndiyo ile aliyopewa Nabii Daudi? Na kama siyo, yafaa Mwislamu kuisoma?" Swali hili si geni, na wanavyuoni wamelijibu tangu zamani. Lakini kwetu sisi lilikuja kwa sababu yenye uzito, nayo ni kipande cha ardhi. Kisa chenyewe tutakieleza mwishoni, kwani hakifahamiki vyema ila kwa aliyekwisha kujua vitabu hivi vina nini ndani yake.

Wengi wetu twaishi Kitengela, na wengine Isinya na Kajiado mjini, na jirani zetu wengi ni Wakristo. Kila Jumapili twasikia Zaburi zikisomwa kwa Kiswahili na kwa Kimaasai. Wao wajua machache juu ya Qurani, na sisi twajua machache juu ya vitabu vyao. Wala ujinga wa pande mbili haujapata kuzaa ujirani mwema.

KIPIMO CHA MWISLAMU

Qurani imetaja mahali pawili, katika sura ya 4 aya ya 163 na sura ya 17 aya ya 55, ya kwamba Daudi a.s. alipewa Zaburi. Kuamini hayo ni katika imani yetu. Ama maneno yaliyomo mikononi mwa Ahlul Kitab leo, Mtume s.a.w. ametuwekea kipimo katika hadithi aliyoipokea Bukhari kwa Abu Huraira, nacho ni kwamba tusiwasadiki moja kwa moja wala tusiwakadhibishe. Na katika hadithi nyingine ya Bukhari ameruhusu kusimulia habari za Wana wa Israili. Basi njia yetu i wazi: lile linaloafikiana na Qurani twalikubali, lile linalopingana nayo twaliacha, na lile lisilokuwa na dalili ya huku wala ya huko twalinyamazia. Huku si kuogopa kitabu, na wala si kukimeza bila ya kutafuna.

VITABU VYENYEWE

Wana wa Israili wamevigawa vitabu vyao mafungu matatu: Torati, Manabii na Maandiko. Katika fungu hili la tatu ndimo zilimo Zaburi, Mithali na Ayubu, pamoja na Mhubiri, Wimbo Ulio Bora na Maombolezo.

Zaburi ni 150. Katika hizo 73 zina jina la Daudi juu yake. Nyingine zina jina la Asafu, nyingine la wana wa Kora, mbili la Sulemani, na moja, ile ya 90, ina jina la Musa. Nyingi hazina jina la mtu. Na Zaburi ya 137 yataja kilio cha mateka wa Babeli, jambo lililotokea katika karne ya 6 kabla ya Isa a.s., na Daudi alikuwa amekwisha kufa kwa miaka mia kadhaa. Kwa hivyo hata wenye ilimu katika Mayahudi na Wakristo hawasemi kwamba kitabu kizima ni maneno ya Daudi. Wao wasema ni mkusanyo wa tungo za watu na zama mbalimbali. Basi na sisi twamjibu kijana wetu: hatuwezi kusema kwamba Zaburi za Biblia zote ndizo Zaburi ya Daudi, wala hatuwezi kukata kauli kwamba hamna ndani yake hata kidogo cha asili yake.

Mithali ina milango 31, nayo pia ni mkusanyo. Mafungu mengine yana jina la Sulemani, mengine la wenye hekima wasiotajwa majina, moja la mtu aitwaye Aguri, na la mwisho ni wasia wa mama kwa mwanawe Lemueli aliyekuwa mfalme. Mlango huo wa mwisho wafunga kwa beti 22 za kumsifu mwanamke mwema. Msomaji wa pwani hatakosa kumkumbuka Mwana Kupona, aliyemuusia binti yake kwa utenzi mwaka 1858.

Ama kitabu cha Ayubu kina milango 42. Mwanzo wake na mwisho wake ni hadithi ya nathari, na katikati ni mashairi matupu: Ayubu akijadiliana na rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari, kisha Elihu. Hapa pana tofauti ya kuzingatiwa. Katika Qurani Ayubu a.s. ni mfano wa subira, na hivyo ndivyo alivyoelezwa katika Utendi wa Ayubu wa washairi wetu wa kale, ambao Bibi Alice Werner alianza kuuchapisha mwaka 1921. Katika kitabu cha Kiebrania Ayubu alia, ateta na adai hoja. Sisi twamwepusha Nabii wa Mungu na kila neno lisilomstahiki. Lakini swali kubwa la kitabu kile ni swali la watu wote: kwa nini mwema hupata msiba? Waliopoteza ng'ombe wao hapa Kajiado katika ukame wa mwaka 2022 hawahitaji kufasiriwa swali hilo. Na yafaa tukumbuke kosa la rafiki za Ayubu, nalo ni kumwambia aliyefikwa na msiba kwamba bila shaka amekosa.

USHAIRI WA KIEBRANIA

Shairi letu la Kiswahili lasimama juu ya vina na mizani. Tukilihamisha kulitia katika lugha nyingine, vina hufa. Ushairi wa Kiebrania haukujengwa hivyo, kwani hauna sharti la vina. Nguzo yake ni maana kurudiwa: nusu ya kwanza yasema jambo, na nusu ya pili yalirudia kwa maneno mengine, au yalitaja kinyume chake, au yaliongezea. Mwanachuoni wa Kiingereza Robert Lowth alilieleza jambo hili katika masomo yake ya Oxford, yaliyochapishwa mwaka 1753.

Tutoe mfano tulioutunga wenyewe. Tukisema, "Jirani mwema ni ukuta wa nyumba, na rafiki mkweli ni paa lake," hapo tumerudia maana. Na tukisema, "Mwaminifu hulala mlango u wazi, na mwizi hukiogopa kivuli chake," hapo tumeweka kinyume. Kina chake ni kina cha maana wala si cha sauti. Kwa sababu hiyo Zaburi husafiri kwa wepesi kutoka lugha hadi lugha. Walipozisoma watu wa Afrika ya Mashariki katika tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952 hawakukosa sehemu kubwa ya ushairi wake. Na marehemu Mathias Mnyampala, mshairi wa Ugogo, akazitia katika vina vyetu, akatoa Utenzi wa Zaburi mwaka 1965.

Pambo lao jingine ni kufuata herufi. Waebrania wana herufi 22, na Zaburi ya 119 ina mafungu 22 ya aya nane nane, yaani aya 176, kila fungu kwa herufi yake. Washairi wa kale wa pwani nao walitunga tungo zilizofuata herufi za Kiarabu tangu alifu hadi ye. Faida yake ni kuhifadhi: mwanafunzi akisahau neno, herufi humkumbusha.

MANENO TULIYO NAYO

Hapa twataka msomaji atulie kidogo. Kiebrania na Kiarabu ni lugha ndugu, na Kiswahili kimechota sana katika Kiarabu. Kwa hivyo maneno mengi ya vitabu hivi tunayo midomoni bila ya kujua. Hekima ni hikma kwa Kiarabu, na kwa Kiebrania ni hokhma. Mithali ni mathal, na kwao ni mashal. Mizani ni mizan, na kwao ni moznayim. Yatima ni yatim, na kwao ni yatom. Na ardhi ni ardh, na kwao ni erets.

Mwenye kuyapanga maneno haya matano, hekima, mithali, mizani, yatima na ardhi, huona kwamba karibu amekwisha kupata muhtasari wa mafundisho yenyewe. Kwani hekima ya vitabu hivi si falsafa ya mawinguni. Ni hekima ya sokoni, ya shambani na ya mpakani: usipunje mizani, usimle yatima, usiibe ardhi.

ZABURI YA 37 NA AYA YA QURANI

Katika sura ya 21, aya ya 105, Mwenyezi Mungu anatujulisha ya kwamba Zaburi ilikuwa na ahadi kwa waja wema juu ya kuirithi ardhi. Wafasiri wamehitilafiana. Wako waliosema Zaburi hapa ni vitabu vyote vilivyoteremshwa, na wako waliosema ni Zaburi ya Daudi. Kadhalika wako waliosema ardhi hiyo ni ya Peponi, na wengine wakasema ni ardhi ya dunia hii.

Basi mwenye kuifungua Zaburi ya 37 ataikuta maana hiyo hiyo imetajwa mara tano, katika aya ya 9, ya 11, ya 22, ya 29 na ya 34, na aliye karibu mno na maneno ya Qurani ni ile ya 29. Zaburi hii imefuata herufi tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na anayesema ndani yake ni mzee anayeusia vijana. Neno lake kwa ufupi ni hili: msiwahusudu waovu wanapostawi, wala msikasirike hata mkatenda kama wao, kwani kustawi kwao ni kwa nyasi za mvua moja.

Kukutana huku kwa Qurani na Zaburi kwatupasa tukuzingatie. Kurithi ardhi kumefungwa na wema. Hakukufungwa na kabila, wala wingi wa fedha, wala werevu wa kuandikisha hati.

MPAKA USIOSOGEZWA

Mithali yakataza kuondoa alama ya mpaka mahali pawili: mlango wa 22 aya ya 28, na mlango wa 23 aya ya 10, ambapo mashamba ya yatima yametajwa waziwazi, na aya inayofuata yaonya kwamba yatima wana Mtetezi mwenye nguvu. Mlango wa 24 wa Ayubu waanza orodha ya madhalimu kwa wale wanaosogeza mipaka, kisha wanaopora makundi ya wanyama, kisha wanaochukua punda wa yatima na ng'ombe wa mjane. Na Ayubu anapojitetea katika mlango wa 31, anataja dhambi moja baada ya moja na kuapa kwamba hakuzitenda. Na ya mwisho katika kiapo chake ni dhuluma ya ardhi, kana kwamba udongo wenyewe ungeweza kulia na kumshitaki.

Wala hekima hii haikuanza kwa Waebrania. Mwaka 1923 Budge alichapisha maandishi ya Misri ya kale yaitwayo mafundisho ya Amenemope, yenye sehemu 30. Humo mna katazo la kusogeza alama za mashamba na la kuingilia mpaka wa mjane, na wanachuoni wengi waona kwamba waliokusanya Mithali waliyajua mafundisho hayo. Iko hadithi mashuhuri kwamba hekima ni kitu kilichompotea Muumini. Isnadi yake ni dhaifu, na Tirmidhi mwenyewe aliyeipokea ameeleza hivyo, basi hatuijengei hoja. Lakini hatuna haja nayo, kwani juu ya jambo hili tunazo hadithi sahihi. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba mwenye kuchukua shibiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Na katika Muslim, kwa Ali bin Abi Talib r.a., imekuja laana ya Mwenyezi Mungu juu ya mwenye kubadilisha alama za ardhi.

Mmisri, Mwebrania na Mwislamu wamekubaliana juu ya jiwe moja. Je, sisi wa Kajiado tuna udhuru gani?

ARDHI YA KAJIADO

Nchi hii ina majeraha ya ardhi. Mapatano ya 1904 na 1911 na serikali ya Kiingereza yaliwaondoa Wamaasai katika malisho yao ya Bonde la Ufa na kisha ya Laikipia. Walikwenda mahakamani mwaka 1913 wakashindwa. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1968, zikaanzishwa ranchi za pamoja, kisha nyingi zikagawanywa kwa mtu mmoja mmoja. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Tangu hapo ardhi imekatwa eka, kisha nusu eka, kisha viwanja vya futi 50 kwa 100. Sisi tuliotoka Mombasa, Nairobi na kwingineko tumenunua humo. Kununua ni halali. Lakini kati ya muuzaji na mnunuzi yuko dalali, na kati ya hati na ardhi liko jiwe la mpaka, na jiwe lina wepesi wa kutembea usiku.

KISA CHETU

Darasa letu lilinunua kiwanja kwa ajili ya madrasa. Tulizungusha ua wa seng'enge kwa kufuata mahali alipotuonyesha dalali, tukajenga chumba kimoja na choo. Jirani yetu ni mama mjane wa Kimaasai, naye ni Mkristo. Mwaka uliofuata tulimleta mpima ardhi kwa ajili ya kuongeza jengo. Akapima, akarudia kupima, akatwambia: "Ua wenu umeingia kwa jirani futi 6, kwa urefu wote wa futi 100."

Hatuoni fahari kuyaandika yaliyofuata, lakini gazeti linaloficha aibu yake halina haki ya kutaja aibu za wengine. Darasa liligawanyika mafungu matatu. Wako waliosema tunyamaze, kwani mama mwenyewe hajalalamika, na kosa ni la dalali. Wako waliosema tutie kitu kidogo katika bahasha tumpelekee kama sadaka, bila ya kumweleza. Na wako waliosema tuvunje choo, turudishe ua. Na mmoja, Mwenyezi Mungu amsamehe, alisema, "Kwani huyu ni mwenzetu?"

Tulimjibu kwamba hadithi ya shibiri haikuuliza dini ya mwenye ardhi. Kisha tukakumbuka suala la fikihi: mwenye kusali juu ya ardhi ya kunyang'anya, Mashafi wasema sala yake yasihi pamoja na dhambi, na kauli iliyo mashuhuri kwa Mahambali ni kuwa haisihi. Watoto wetu walikuwa wakisujudu hapo kila siku. Ilikuwa aibu kuwafundisha herufi za Qurani juu ya futi 6 za yatima.

Ndipo yule kijana akaleta swali lake la Zaburi. Alikuwa ameazima Biblia kwa mtoto wa mama yule, akasoma mlango wa 23 wa Mithali, akaona aya ya yatima imepigiwa mstari kwa kalamu. Hakujua aliyeupiga ni nani wala kwa nini. Alitaka kujua tu kama maneno yale yana uzito kwetu.

Wanne katika sisi tulikwenda kwake baada ya sala ya alasiri. Tulimwamkia kwa neno la kwao, "yeyo", yaani mama, tukamweleza kosa letu bila ya kulipamba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, nililiona jiwe limehama tangu siku mlipojenga. Nikasema, hawa ni watu wa kusali, wataliona wenyewe." Wala hakuongeza neno.

Choo kilivunjwa, na ua ukarudishwa mahali pake mbele ya mpima na mbele ya wanawe. Gharama yake ilimaliza fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya jengo jipya, na madrasa ingali ya chumba kimoja. Mwenye kuona kuwa tumepata hasara naahesabu tena, kwa mizani ile ambayo haipunjwi.

MAFUNZO

Kwanza, yafaa Mwislamu mwenye ilimu ya dini yake kuvisoma vitabu hivi kwa kipimo tulichokitaja, na ajifunze kutoka humo jinsi jirani yake anavyomwomba Mungu na anavyolia.

Pili, tusizifanye Zaburi wala Qurani kuwa uganga. Wako wanaotafuta Zaburi za kuapiza adui, kama wako kwetu wanaosomesha Halbadiri juu ya mwizi. Kitabu cha uongofu hakikuletwa kiwe silaha ya kisasi.

Tatu, hekima haijulikani kwa kuisoma, bali kwa kuitii inapotugharimu. Jirani yetu alikuwa na aya yake na sisi tulikuwa na hadithi yetu, na zote mbili zilikuwako siku zote ambazo jiwe lilikuwa mahali pasipo pake.

MASWALI YA DARASA LIJALO

1. Ni dalili gani zaonyesha kwamba Zaburi za Biblia ni mkusanyo?
2. Eleza tofauti ya kina cha sauti na kina cha maana, utoe mfano uliotunga mwenyewe.
3. Ayubu wa Qurani na Ayubu wa kitabu cha Kiebrania wanatofautiana wapi?
4. Kila mwenye kiwanja katika sisi: je, unajua jiwe lako la mpaka liko wapi, na nani aliliweka hapo?

Swali hili la mwisho halijibiwi kwa kalamu. Na mwenye kutuwafikisha katika kheri ni Mwenyezi Mungu.